Daftari la Madoa

Kambini, darajani
2 Agosti

Mzee Pasi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu ndivyo unavyotaka. Ulishasema simu kwako ni kelele za mbu sikioni, na sina ugomvi na hilo. Barua hii anakuletea dereva wa lori la kokoto, yule mwenye kofia ya sufi. Jibu mpe huyohuyo.

Notisi yangu uliipokea. Chumba ni changu hadi tarehe 30, na vitu vyangu vitabaki humo mpaka nije kuvichukua, maana kazi ya daraja imenishika na karakana yao ya kuchomelea imeshaniajiri moja kwa moja. Sasa, mzee wangu, kuna jambo naomba tulimalize wakati bado tunasalimiana vizuri.

Nilipokuja wiki mbili zilizopita nilikuta kitanda kimetandikwa. Sikukitandika mimi. Sufuria niliyoiacha na ukoko ilikuwa inang'aa. Ovaroli yangu, ambayo imetobolewa na moto mpaka magoti yanachungulia nje, nilikuta imepigwa pasi na kutiwa mstari mbele. Wenzangu huku waliniita bosi siku nzima. Najua una ufunguo wa pili wa kila mlango, na najua hujawahi kuchukua hata sindano. Lakini kila nikirudi nahisi nimekaguliwa.

Ninachoomba ni hiki. Usiingie nikiwa sipo. Akija mtu kutafuta chumba, mwonyeshe kile cha mwisho kilicho wazi, vimejengwa sawasawa, au asubiri siku nitakayokuwepo. Na vitu vyangu visiguswe, hata kama vina vumbi. Hasa kama vina vumbi.

Mpangaji wako wa chumba cha nne,
Cheche


Nyumbani
5 Agosti

Binti yangu Cheche,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama.

Miaka thelathini na minane nimekuwa dobi. Nimefua mashuka ya hospitali na suti za mahakimu. Nimekuta mifukoni mwa waume za watu mambo ambayo wake zao hawayajui hadi leo, na sijafungua mdomo. Halafu wewe unaniandikia kana kwamba mimi ni mpekuzi. Ukoko ule ulikuwa unaita mende, na mende hawajui chumba chako kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi. Kitanda nilikitandika kwa sababu nilikuwa nimeshafika. Kuhusu ovaroli, hapo nakiri. Mkono wangu hauwezi kuipita nguo iliyokunjamana. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nitaamka kupiga pasi sanda yangu mwenyewe.

Lakini umesema na nimesikia. Sitaingia. Ufunguo wako nimeutundika kwenye msumari wake peke yake, mbali na zile nyingine, ili mkono usijisahau.

Swali moja tu, nalo nauliza kama mzazi. Una nini humo ndani? Maana miaka minne ulikuwa unaenda bafuni na mlango wako unauacha wazi.

Mwenye nyumba wako,
Mzee Pasi


Kambini
7 Agosti

Mama Mdogo, shikamoo.

Mimi mzima. Kidole kimoja kimeungua kidogo, usianze kulia. Tunaunga kingo za daraja, na kutoka juu naona mto wote mpaka unapokata kona.

Nina wasiwasi, na wa kumwambia ni wewe tu. Nahama, na vitu vyangu viko kwa yule mzee dobi niliyekueleza, mwenye nyumba. Si mtu mbaya. Ila ana tabia ya kuingia vyumbani mwa watu na kunyoosha mambo. Na juu ya kabati langu, kwenye gazeti, kuna kile kitambaa.

Unajua ninavyokitunza. Ulinikabidhi siku ya tatu baada ya maziko, nilipofika nimechelewa na viatu vya kazini miguuni. Ulisema, "Hiki chako, mama yako alikuwa anakushonea." Nilifunua kona moja tu. Nikaona mstari wa chaki na saba yake ile yenye mkato katikati, nikakunja tena. Hadi leo sijakifunua zaidi ya pale. Najua alichora kabla sijaondoka, ule mwezi wa tano aliponipima. Halafu mwezi wa sita ndiyo nikamwambia sitaki kuzeeka nimeinama juu ya cherehani kama yeye, naye akaniambia nisimrudie na mikono iliyoungua. Nadhani ndipo alipokikunja kitambaa, asikikate. Nikikifunua nitakuwa natazama mahali alipoishia kunipenda.

Lakini ndio mwandiko wake pekee nilio nao. Chaki inafutika hata kwa kiganja. Mtu mmoja akikikung'uta vizuri, basi.

Nikimwambia mzee asikiguse, ndiyo nimemwonyesha kilipo. Nisipomwambia, silali. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwanao


Dukani
11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimelia kidogo, kuhusu kidole.

Mwambie. Andika leo, mwambie mzee wa watu kilivyo: hiki ni cha marehemu mama yangu, chaki hii ni mkono wake. Mtu aliyefua nguo za wafu na za walio hai ataelewa. Ukimficha atakuona una kiburi tu, na watu hawalindi kiburi cha mtu.

Na jambo la pili. Nimekuambia mara ngapi ukifunue kitambaa chote? Mama yako hakuwa mtu wa kuacha kitambaa bila maandishi. Kila kazi iliyopita mezani kwake aliandika ni ya nani na ameianza lini. Ukikichukua, kaa chini, kitandaze, kisome. Siwezi kukusomea mimi.

Mimi Mama Mdogo wako


Kambini
13 Agosti

Mzee Pasi,

Uliniuliza nina nini ndani, nikakaa kimya. Nisamehe. Uliuliza kama mzazi na ilinipasa nijibu kama mtoto.

Juu ya kabati kuna furushi la gazeti lililofungwa kwa uzi wa kushonea. Ndani ni kitambaa cha bluu ambacho juu yake marehemu mama yangu alichora gauni langu. Alikuwa fundi. Hakuwahi kulishona. Ile chaki ndiyo kitu pekee cha mkono wake nilicho nacho. Nakuomba lisiguswe, lisifunguliwe, na mvua ikivuja ndipo ulihamishe, tena kwa mikono miwili. Nikijua wewe ndiye unayelinda mlango huo nitafanya kazi kwa amani.

Binti yako,
Cheche


Nyumbani
15 Agosti

Binti yangu Cheche,

Habari za daraja? Hapa kuna habari mbili. Ya kwanza utanigombeza, ya pili utanisamehe.

Jana amekuja mwalimu na mkewe wanatafuta chumba. Nikawaonyesha kile cha mwisho, kama ulivyotaka. Mke akasema anataka chenye dirisha la barabarani, na cha hivyo ni chako tu. Wametoka mbali, mama wa watu ana mimba ya miezi saba na jua lilikuwa kali. Nikasema dakika mbili. Nilisimama mlangoni, sikuvuka kizingiti. Lakini yule mama ni mtu wa kukagua, akapandisha mkono juu ya kabati atazame kama bati linavuja, na furushi lako likaanguka. Uzi ukakatika. Kitambaa kikatawanyika sakafuni. Hapo ndipo nilipoingia.

Binti yangu, kitambaa kizuri namna ile unakifunga gazeti? Kilikuwa na vumbi kila mkunjo, na fundi wako amekichafua chaki pande zote halafu amekuachia hivyohivyo. Wakati wangu mafundi wote mtaani waliniletea nguo niwatolee chaki kabla mwenyewe hajaiona, maana chaki ikibaki ni aibu ya fundi. Nikasema, huyu binti anaondoka na amenikasirikia, ngoja nimfanyie hisani ya mwisho. Nikawasha jiko, nikatoa pasi yangu ya zamani.

Kimetoka kama kipya. Chaki yote imeisha, hata ile ngumu. Nimekitia wanga kidogo na kukifunga kwa karatasi safi. Kinakungoja.

Mzee Pasi


Kambini
18 Agosti

Mzee Pasi,

Ndani nimeweka barua niliyokuandikia tarehe 13. Isome kwanza.

Haikukufikia kwa sababu sikuituma. Niliitia mfuko wa ovaroli. Dereva alipita tarehe 13 jioni, akapita tena tarehe 14 asubuhi akapiga honi, nami nilikuwa juu ya daraja nikajisemea nitaituma kesho. Niliona aibu kuiomba hisani nyumba niliyoigombeza. Asubuhi hiyo wewe ulikuwa bado hujawasha jiko. Jambo hilo nitakufa nalo.

Lakini mlango niliufunga, mzee. Niliufunga na nikakuomba kwa maandishi, na wewe ukanijibu kwa maandishi. Ulichotoa hakikuwa uchafu wa fundi. Alikuwa ni mama yangu.

Usinijibu.

Cheche


Nyumbani
21 Agosti

Binti yangu,

Umesema nisijibu. Nimekaa na barua yako siku mbili, nikaona nikitii hili nitakuwa natii mahali pasipofaa, mimi niliyeshindwa kutii palipofaa.

Sina utetezi. Nilikuahidi. Ufunguo niliutundika peke yake na bado nikautoa kwa mkono huuhuu. Nilijiambia ni kwa ajili ya mwenye mimba, kisha nikajiambia ni kwa ajili yako. Ukweli ni kwamba mikono yangu haina kazi tangu mashine za kufulia zifike mtaani, na nyumba yenye vyumba sita naiona kama kapu moja la nguo.

Naandika kwa sababu ya jambo ambalo yafaa ulijue. Dobi wa zamani hatii nguo majini kabla hajaandika. Kila doa lina mstari wake daftarini: ni la nini, liko wapi, lina ukubwa gani, ili mwenye nguo akija kudai asibishane. Nimeandika hivyo miaka yote, na hata siku ile niliandika, kwa mazoea tu. Nilikitandaza chako mezani kote na kuandika nilichokiona. Ukurasa nimeuchana, huu hapa. Sikuongeza wala kupunguza neno, ila mwenyewe nilidhani ni maelekezo ya fundi kwa fundi.

*Tarehe 14. Chumba 4. Kitambaa, bluu nzito, yadi tatu na nusu, hakijakatwa. Vumbi mikunjo yote. Chaki nyeupe ya nta, upande wa ndani, mistari mirefu kumi na minne. Namba za chaki: bega 16½, kifua 37, kiuno 29, urefu 44. Karibu na upindo, maandishi ya chaki, mistari miwili: "La Cheche. 9 Novemba. Mabega nimeongeza, siku hizi anabeba vyuma." Kutu hakuna. Damu hakuna. Mafuta hakuna.*

Mzee Pasi


Kambini
23 Agosti

Mama Mdogo,

Sikusalimu, unisamehe. Soma karatasi hii niliyoinakili, kisha unijibu haraka.

Novemba? Niliondoka mwezi wa sita. Desemba mosi alikuwa ameshafariki. Na hilo jina amelitoa wapi? Cheche nimepewa na mafundi wenzangu baada ya kuondoka nyumbani, yeye hakuwahi kunisikia nikiitwa hivyo. Nimeanza kufikiri yule mzee ametunga ili kunifariji. Ananiita Cheche yeye, anajua nabeba vyuma.

Kisha nikamwomba mwenzangu anipime kwa futi yetu ya chuma, bega kwa bega. Kumi na sita na nusu. Mzee hawezi kulijua hilo, hata mimi sikulijua.

Tazama daftari la vipimo la Mama. Bega langu ameandika ngapi?


Dukani
27 Agosti

Mwanangu,

Kumi na tano. Mwezi wa tano aliandika kumi na tano.

Nimekuficha kitu karibu miaka minne. Mwanzoni mwa Novemba mama yako aliniambia nimsindikize mjini kwako kununua nyuzi. Nyuzi zilikuwepo hapa tele. Tulipofika alinipeleka moja kwa moja hadi barabara ya karakana mliyokuwa mnafanyia kazi wakati ule, tukasimama upande wa pili, kwenye duka la vipuri, tukijifanya tunauliza bei ya misumari. Ukatoka na bomba begani, peke yako, bomba ambalo wanaume walikuwa wanabeba wawili. Mtu akakuita Cheche, ukageuka unacheka. Mama yako alikutazama kuanzia chini hadi juu, kama anavyomtazama mteja anayeingia mlangoni. Nikamwambia, ngoja nimwite. Akanishika mkono. Akasema, "Yuko kazini." Tukaondoka. Kitambaa alikinunua siku hiyohiyo, njiani kurudi.

Nyumbani nilimwambia akuandikie. Akasema, "Nilimwambia asinirudie na mikono iliyoungua. Sasa nianzie wapi?" Akaniapisha nisikuambie kwamba alikufuata. Alitaka gauni liishe kwanza, alipeleke mwenyewe.

Alipofariki nilikuwa na kiapo chake, nikadhani nimepata njia ya kukishika bila kukuumiza. Nilijua ameandika tarehe. Nilijisemea, atakifunua mwenyewe, atajua kwa mkono wa mama yake, mimi nitakuwa sijavunja neno. Nilingoja ukifunue. Kila mwaka nilikuuliza, kila mwaka ukasema bado. Kiapo cha maiti nimekishika, na wewe uliye hai nimekuacha ukiamini mama yako alikufa amekununia. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa mjinga kwa nia njema.

Mama Mdogo wako


Kambini
31 Agosti

Mzee Pasi,

Jana nilikuja kuchukua vitu, umejifungia. Viatu vyako vilikuwa mlangoni kwako na redio ilikuwa imezimwa. Sikugonga. Nilifikiri mmoja wetu aanze kuiheshimu milango ya mwenzake.

Ufunguo wangu nimeuacha dirishani. Kitambaa nimekichukua. Nilikitandaza kitandani kabla ya kufungasha, nikautafuta mwandiko upande wa ndani kwa tochi. Kweli chaki umeitoa vizuri.

Niliyoyajua kwenye ukurasa wako yamenirudishia mama. Hilo nalisema wazi kwa sababu ni haki yako. Lakini usiseme basi ilikuwa heri. Haikuwa heri. Maneno yale yalikuwa yangu, nami ningeyasoma kwa mwandiko wake, nimekaa peke yangu, siku niliyoichagua. Yamesomwa na mtu mmoja tu duniani, naye ni mtu niliyemwomba asiingie. Najiambia ningekifunua siku moja. Kuna siku naamini, kuna siku najua ningekiacha juu ya makabati mpaka nizeeke. Hilo ni kosa langu, sikutwishi wewe.

Mama Mdogo atalikata gauni kwa vipimo ulivyoandika. Mabega kumi na sita na nusu.

Mwalimu na mkewe wanaingia kesho, nimesikia. Wape funguo zote mbili.

Na naomba kitu kimoja, cha mwisho. Wewe uliuona mwandiko wake. Nielezee ulikuwaje. Usinipambie.

Cheche


Nyumbani
4 Septemba

Binti yangu,

Funguo zote mbili nimempa mwalimu. Jana nimezunguka na vyumba vingine, kila mpangaji nimempa wake wa pili. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Mwandiko wa mama yako nauona bado. Ulikuwa umeinama kidogo upande wa kushoto. Saba sikuiona popote kwenye maneno, ila tisa ya tarehe ilikuwa na mkia mrefu. "La Cheche" imeandikwa taratibu, kama mtu anayejaribu jina geni. Kuanzia "mabega" alikandamiza, nta ikaingia hadi kwenye nyuzi, nikaweza kuyahisi kwa kidole upande wa pili wa kitambaa.

Umesema nisikupambie. Ile mistari kumi na minne ilitoka kwa maji ya kwanza. Maneno hayakutoka kwa maji hayo. Niliyasugua mara tatu.

Mzee Pasi